Kadi Kwanza, Undugu Baadaye

Mwaka 1947, katika mgodi wa Mwadui nje ya mji wa Shinyanga, ilipatikana almasi ya rangi ya waridi yenye karati 54.5. Mwenye mgodi, Mkanada John Williamson, hakuipeleka sokoni. Alimtunza nayo Elizabeth, binti mfalme wa Uingereza, siku za harusi yake. Ilipochongwa ilibaki na karati 23.6, na mwaka 1953 ikawekwa katikati ya bruchi yenye umbo la ua. Kufikia hapo mwenye bruchi alikuwa ameshakuwa malkia, na Tanganyika, nchi ya udhamini, ilikuwa chini ya taji lake. Hata baada ya uhuru wa 1961 mambo kisheria hayakubadilika mara moja: mpaka jamhuri ilipotangazwa tarehe 9 Desemba 1962, mkuu wa nchi yetu alikuwa yeye. Kwa hiyo wanaosema Tanzania Bara haikupata kuongozwa na mwanamke kabla ya Machi 2021 wamesahau kidogo. Mkuu wa kwanza wa nchi wa kike kwa watu wa Shinyanga na Geita alikuwa Mzungu, hakupigiwa kura na mtu, na kifuani alivaa jiwe lililotoka katika ardhi ya Wasukuma.

Suala la nani wa rangi gani anakaa kwenye kiti gani lilizuka kwa nguvu ng'ambo ya Ghuba ya Mwanza mwaka 1958. Serikali ya Gavana Edward Twining ilikuwa na mpango wake wa kuchanganya rangi katika utawala: Waafrika, Waasia na Wazungu wakae pamoja kwenye mabaraza, na wale wachache wapate viti vingi kupita hesabu ya vichwa vyao. Geita ikachaguliwa iwe mahali pa kuujaribu mpango huo katika halmashauri ya wilaya. TANU, chama kilichodai uhuru, ilikuwa imezuiwa kufanya kazi Usukumani tangu 1954, basi serikali ikadhani hakuna wa kuuliza. Wakauliza. Maelfu ya watu wa Geita walitoka vijijini mwao wakaenda Mwanza kupeleka malalamiko kwa wakubwa wa jimbo, na polisi wakawatawanya kwa mabomu ya machozi. Mpango ukafa, na mwaka huohuo TANU ikaruhusiwa tena Kanda ya Ziwa. Simulizi zilizoandikwa juu ya mkasa huu zimejaa majina ya wanaume: machifu, viongozi wa ushirika wa pamba, makamishna. Wanawake waliopalilia pamba iliyouendesha ushirika huo hawana majina humo.

Lililo zito ni kwamba mwaka uleule wakulima wa Geita walipokataa mchanganyiko wa rangi uliopangwa na gavana, TANU ilikubali mchanganyiko wa rangi kwenye sanduku la kura. Mkutano wa Tabora wa Januari 1958 ulijadili sheria ya uchaguzi wa Baraza la Kutunga Sheria, ile ya kura tatu. Kila mpiga kura alitakiwa kuchagua watu watatu, Mwafrika, Mwasia na Mzungu, na akiacha nafasi moja wazi kura yake yote inaharibika. Juu ya hapo, haki ya kupiga kura ilikuwa ya mwenye kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya darasa la nane, au cheo fulani. Tafuta mwenyewe ni mama wangapi wa Usukumani waliokuwa na kimojawapo mwaka huo. Julius Nyerere, rais wa TANU, aliwashawishi wajumbe waingie uchaguzini hivyo hivyo. Zuberi Mtemvu alikataa, akatoka, akaunda chama chake, African National Congress, akidai Afrika ni ya Waafrika.

Sheria ile ya kibaguzi ikazaa jambo ambalo walioitunga hawakulitarajia. TANU ilihitaji Waasia na Wazungu watakaosimama upande wake, na baadhi ya waliojitokeza walikuwa wanawake. Sophia Mustafa, Mwasia aliyezaliwa India na kukulia Nairobi, alichaguliwa kutoka Arusha. Marion Chesham, Mmarekani mjane wa lodi wa Kiingereza, alichaguliwa kutoka Iringa. Barbro Johansson, mwalimu wa misheni kutoka Sweden aliyekuwa ameanzisha shule ya wasichana ya Kashasha huko Bukoba, aliingia mwaka 1959 kwa kura za Kanda ya Ziwa. Waliowaombea kura ni makada wa TANU, na nyuma ya makada hao lilikuwa jeshi la wanawake lililosajiliwa na Bibi Titi Mohammed.

Bibi Titi alikuwa mwimbaji wa ngoma Dar es Salaam, katika kundi la Bomba, elimu yake darasa la nne. Alipopewa sehemu ya wanawake wa TANU mwaka 1955 aliwafuata akina mama mahali walipo: kwenye vikundi vya ngoma, kwa wapika pombe, kwa wauza vitumbua. Katika miezi michache akawa ameandikisha maelfu. Lakini kwa sheria ya 1958, mwanamke huyu aliyekijaza chama hakutimiza sharti la elimu ambalo mwalimu wa Kiswidi alilitimiza. Aliingia bungeni 1960. Mimi huona hapa ndipo somo la mshikamano wa wanawake wa nchi hii lilipoanza, na lilianza likiwa limepinda: Mwafrika alitafuta kura, Mwasia na Mzungu wakatangulia kukaa kitini. Hata hivyo lilifanya kazi. Oktoba 1961, mjadala wa uraia ulipopamba moto na wabunge kadhaa wakataka uraia ugawiwe kwa rangi ya ngozi, Nyerere alitishia kujiuzulu, na wanawake wa rangi tatu walikuwa ndani ya Bunge hilo. Chesham na Johansson wakachukua uraia wa nchi hii. Sophia Mustafa akaandika kitabu juu ya njia ya Tanganyika.

Novemba 1962 ukaja uchaguzi wa kwanza wa rais, na ulikuwa hasa uchaguzi juu ya rangi. Mpinzani pekee wa Nyerere alikuwa Mtemvu, yuleyule wa Tabora. Nyerere alipata zaidi ya asilimia 98. Mwaka huo pia vikundi vya wanawake viliunganishwa kuwa Umoja wa Wanawake wa Tanganyika, UWT, mwenyekiti Bibi Titi. Lucy Lameck wa Moshi akawa mwanamke wa kwanza kuwa naibu waziri. Ukiusoma mwaka 1962 peke yake unaweza kuamini kwamba kazi imekwisha: rangi imeshindwa kwenye kura ya urais, wanawake wana umoja wao, na umoja huo uko ndani ya chama kinachotawala.

Hilo la mwisho ndilo lililokuja kuugharimu. Bibi Titi alishindwa ubunge 1965. Mwaka 1967 hakukubaliana na masharti ya Azimio la Arusha kuhusu viongozi wenye nyumba za kupangisha, akajiuzulu. Mwaka 1969 akakamatwa kwa uhaini, akahukumiwa kifungo cha maisha, akaachiwa kwa msamaha wa rais mwaka 1972. UWT aliyoiasisi haikumtetea. Sisemi kwamba akina mama hao hawakumpenda. Nasema umoja wao ulikuwa jumuiya ya chama, na jumuiya ya chama haina ulimi wake. Rangi haikuwa imewatenga na Bibi Titi hata kidogo. Chama ndicho kilichowatenga.

Miaka ilipita. Mgodi wa kikoloni wa Geita, uliowahi kuwa mkubwa kuliko yote ya dhahabu Afrika Mashariki, ulikuwa umefungwa tangu 1966, na dhahabu ikabaki kwa wachimbaji wadogo wanaofuata rashi, yaani mbio za dhahabu mpya, kutoka kilima hiki hadi kile. Mwaka 1995 ulileta mambo matatu kwa mpigo. Gertrude Mongella, mwana wa Ukerewe, aliendesha mkutano wa dunia wa wanawake huko Beijing. Nchi ikafanya uchaguzi wa kwanza wa rais tangu mfumo wa vyama vingi urejeshwe. Na kukasajiliwa Baraza la Wanawake Tanzania, BAWATA, chini ya Profesa Anna Tibaijuka. BAWATA ilikuwa imeanza kwa baraka za UWT yenyewe, ila ikaamua kutokuwa ya chama chochote. Kabla ya uchaguzi iliwaeleza wanawake wa vyama vyote mambo ya kumpimia mgombea: ardhi, mirathi, maji, hospitali ya uzazi. Mgombea apimwe kwa hayo, rangi ya kadi iwekwe pembeni. Baraza likaenea mikoani, Kanda ya Ziwa ikiwamo.

Septemba 1996 serikali ililisimamisha, na 1997 ikalifuta, kwa madai kwamba linafanya siasa. Ajabu yake ni kwamba lilikuwa linafanya siasa kweli, siasa ya mwananchi kumhoji anayemwomba kura. Kwa macho yangu hiyo ndiyo nafasi kubwa kuliko zote tuliyowahi kuipata, na ilizimwa kabla mwanamke yeyote hajagombea urais wa nchi hii.

Mwaka huo wa 1997 majirani zetu Kenya walituonyesha kwamba hata pasipo kufutwa na serikali, mshikamano hauji wenyewe. Wanawake wawili waligombea urais: Charity Ngilu na Wangari Maathai. Ngilu alikuwa na chama chenye wabunge, Maathai alikuwa na jina linalojulikana duniani. Hawakuungana. Ngilu alishika nafasi ya tano, Maathai akaambulia kura elfu chache. Marekani mwaka 2008 ugomvi ulikuwa wa namna nyingine: Hillary Clinton na Barack Obama walipogombania tiketi ya chama kimoja, wanawake weusi waliulizwa watangulize lipi, uanamke au weusi wao, kana kwamba mtu anaweza kukiacha nyumbani kimojawapo. Wengi walimpigia Obama, na baadhi ya wanawake weupe wakaona wamesalitiwa.

Kwetu mgombea wa kwanza wa kike alikuwa Anna Senkoro wa PPT-Maendeleo, mwaka 2005. Hakufika hata asilimia moja. Miaka kumi baadaye alisimama Anna Mghwira wa ACT-Wazalendo, mzungumzaji mtulivu na mwanasheria, akapata kura 98,763. Lakini kwa Geita habari kubwa ya 2015 ilikuwa Dodoma, mwezi Julai, CCM ilipobakiza majina matatu: John Magufuli wa Chato, mkoani Geita, Balozi Amina Salum Ali wa Zanzibar, na Dk. Asha-Rose Migiro aliyewahi kuwa Naibu Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa. Wanawake wawili kati ya watatu, jambo ambalo halijawahi kutokea katika chama kile. Magufuli alipata kura 2,104, Amina 253, Migiro 59. Wajumbe wanawake walikuwa wengi ukumbini. Jumlisha kura za akina mama wale wawili uone.

Kisha akateuliwa mgombea mwenza, Samia Suluhu Hassan, mzaliwa wa Makunduchi, Zanzibar, aliyekuwa makamu mwenyekiti wa Bunge Maalumu la Katiba. Katiba inadai kwamba rais akitoka upande mmoja wa Muungano, makamu atoke upande wa pili. Hivyo kilichotangulia kumfungulia mlango ni Uzanzibari wake, uanamke ukafuata. Baadaye Uzanzibari huohuo ndio watu waliomrudishia kama kasoro.

Kabla ya kufika huko, tusimame kidogo machimboni. Ukifika Rwamgasa au Nyarugusu, kelele ya kwanza ni ya karasha, mashine ya kusagia mawe, na pembeni yake wamekaa wanawake chini ya kivuli cha turubai. Mbele ya kila mmoja kuna jiwe kubwa la kupondea. Mkono wa kushoto umeshika pete iliyokatwa kutoka mpira wa tairi, ndani yake limebanwa jiwe dogo lisiruke, mkono wa kulia una nyundo. Analipwa kwa ndoo. Vumbi limemkaa kwenye kope. Duarani, yaani shimoni, hashuki, kwa sababu wachimbaji wengi wanaamini mwanamke akishuka shimoni dhahabu inakimbia, na anayeshikilia imani hiyo kwa nguvu mara nyingi ndiye mwenye duara. Chama cha wanawake wachimbaji, TAWOMA, kimepigana na imani hiyo tangu 1997, na leo wapo wanawake wenye leseni na wenye maduara yao. Wengi bado wako kwenye ndoo, au kwenye sufuria za mama lishe, au kwenye marudio, wakiosha mchanga ulioachwa na wengine.

Hawa ndio waliomwona Magufuli kama mwana wa nyumbani, na haiwezekani kuwalaumu. Aliwapa wachimbaji wadogo masoko ya dhahabu, la kwanza likifunguliwa Geita Machi 2019. Pia ndiye aliyesema Juni 2017 kwamba msichana akipata mimba harudi shule ya serikali, na Septemba 2018 huko Meatu, wilaya iliyokuwa ya Shinyanga mpaka 2012, aliwaambia watu waachane na uzazi wa mpango. Maneno hayo yaligusa mkanda huu kuliko sehemu nyingi za nchi, kwa maana Shinyanga imekuwa ikitajwa miaka nenda miaka rudi miongoni mwa mikoa inayoongoza kwa ndoa za utotoni. Mwanaharakati Rebeca Gyumi alikuwa ameshinda kesi Mahakama Kuu Julai 2016 dhidi ya vifungu vya Sheria ya Ndoa vinavyoruhusu msichana kuolewa na miaka 15, serikali ikakata rufani, ikashindwa 2019. Wanawake wa chama tawala wenye vyeo hawakusimama naye hadharani kumkabili mwenye chama. Mghwira naye, aliyeshindana na Magufuli 2015, aliteuliwa naye kuwa mkuu wa mkoa wa Kilimanjaro 2017, na kabla ya mwaka kwisha akawa na kadi ya CCM.

Magufuli alifariki 17 Machi 2021. Samia aliapishwa tarehe 19. Msafara wa jeneza ulipopita, watu walitandika khanga na matawi barabarani. Tarehe 22, huko Dodoma, rais mpya aliwajibu waliokuwa wakinong'ona kama mwanamke ataweza: aliwaambia kwamba aliyesimama mbele yao ni rais, mwenye maumbile ya kike. Tarehe 26 alikuwa Chato kumzika mtangulizi wake. Novemba mwaka huo serikali yake iliwafungulia shule wasichana waliojifungua. Hilo peke yake lingetosha kumpa heshima katika nyumba nyingi za Katoro na Kahama.

Ila Agosti 2021 huyohuyo alisema Ikulu, mbele ya wachezaji wa kiume walioleta kombe, kwamba baadhi ya wachezaji wa kike ukiwaona vifuani utadhani ni wanaume, na kwamba ndoa kwao ni ndoto. Catherine Ruge wa jumuiya ya wanawake ya CHADEMA alimpinga waziwazi. Mwezi uliofuata rais aliwaambia wanawake kwamba yeye ameingia kwa kudura na katiba, rais mwanamke atawekwa kwa kura 2025. Zikasikika shangwe, na swali likabaki: wanawake wapi? Wa kadi ipi?

Rangi nayo ikarudi kwa jina jingine. Mkataba wa bandari na Dubai ulipopitishwa bungeni Juni 2023, hoja nzito za kisheria zilichanganyika na maneno mengine: Mzanzibari anauza vya Bara, Mwarabu amerudi. Mtu anaweza kuupinga mkataba ule, na wengi waliupinga kwa haki kabisa, bila kumgusa mwanamke kwa alikozaliwa. Miezi michache kabla, Machi 2023, Kamala Harris, wakati huo makamu wa rais wa Marekani, alikuwa amekuja Ikulu ya Dar es Salaam, binti wa baba Mjamaika na mama Mhindi, ambaye mwaka uliofuata mpinzani wake alimhoji hadharani kama ni mweusi kweli. Samia na Harris waliingia madarakani wakiwa makamu wa wanaume, wote wawili wakatakiwa waeleze asili yao. Mwanamume wa Chato hakuulizwa hilo.

Ningependa historia hii imalizikie kwenye picha ya Samia na Harris. Haikumalizikia hapo. Aprili 2025 Tundu Lissu wa CHADEMA alishtakiwa kwa uhaini, na chama chake kikazuiwa uchaguzini. Tarehe 18 Mei, Martha Karua, aliyewahi kugombea urais wa Kenya, alifika Dar es Salaam kufuatilia kesi hiyo akiwa wakili, akarudishwa kutoka uwanja wa ndege. Siku hizohizo mwanaharakati wa Uganda, Agather Atuhaire, alikamatwa akiwa hapa, na alipotoka alisema hadharani kwamba alifanyiwa ukatili wa kingono kizuizini. Luhaga Mpina wa Kisesa, aliyeteuliwa na ACT-Wazalendo, aliondolewa kwenye kinyang'anyiro. Siku ya kura, 29 Oktoba, maandamano yalizuka, watu wakauawa, intaneti ikazimwa. Tume ikamtangaza Samia mshindi kwa asilimia 97.66.

Sioni namna ya kuuita ushindi huo wa wanawake, na sioni pia kwamba uanamke wake ndio uliouharibu. Serikali za wanaume zimewahi kufuta BAWATA na kumfunga Bibi Titi kwa mantiki ileile: chama kwanza. Katika karatasi ya kura ya 2025 walikuwamo wanawake watatu kati ya wagombea 17: Samia, Mwajuma Mirambo wa UMD, na Saum Hussein Rashid wa UDP, chama kilichoasisiwa na John Cheyo wa Bariadi, Usukumani. Hawakukaa jukwaa moja hata mara moja kuhojiwa na wanawake, kwa sababu baraza ambalo lingewaita lilifutwa mwaka 1997.